Mzee mmoja, majina matatu: historia ya pesa za uzeeni huko Karuba

Familia zilizokimbia Karuba mwaka 2023, vita vilipofika Mushaki na vilima vya jirani, zilibeba vitu vinavyofanana: godoro, sufuria, bidoni la maji, mtoto mgongoni. Katika nyumba kadhaa kulikuwa na kitu kimoja zaidi, mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba, ambao mzee hakukubali mtu mwingine aushike. Ndani yake mna buku ya kazi iliyoliwa na mende, karatasi ya mshahara ya kampuni isiyokuwepo tena, kadi ya uchaguzi, pengine buku ya akiba yenye muhuri wa serikali ambayo jina lake limekwisha kubadilika mara mbili.

Watoto na wajukuu wanapoufungua mfuko huo wakiwa Sake, Goma au Minova, swali la kwanza huwa moja tu: je, kuna pesa humu? Jibu hutegemea ni mwaka gani mzee alianza kazi, nani alikuwa mkubwa wake wa kazi, na mambo yaliyoamuliwa Bruxelles na Kinshasa na watu ambao hawakupata kuiona Karuba.

Vilima vya Masisi viliingia katika kazi ya mshahara kwa njia ya ardhi. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, kwa kifupi CNKi, ambayo iligawa ardhi kubwa kwa walowezi. Walowezi walitaka kahawa, chai, pareto na ng'ombe wa maziwa, na mikono ya kuvifanyia kazi haikutosha. Ndipo kuanzia 1937 hadi 1955 ukawepo mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, ulioleta maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapa makao Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Mahunde, Mnyarwanda, Mtembo aliyeshuka kutoka msituni, wote walijikuta chini ya kapita yule yule, wakiitwa kwa kengele moja asubuhi. Mambo ya ardhi yaliyoanza siku zile yamemwaga damu nyingi na bado hayajaisha. Lakini katika suala la pesa za uzeeni, watu hao wote waliwekwa katika mfuko mmoja na wakapotezwa kwa namna moja.

Miaka ya mwanzo hapakuwa na chochote kwa mfanyakazi aliyezeeka. Alipewa posho na mshahara mdogo alipokuwa na nguvu. Nguvu zilipoisha alirudi kwa watoto wake na shamba lake la maharagwe. Mwaka 1950 wakubwa wa koloni walianzisha Caisse d'Épargne, sanduku la akiba, ili mwananchi aweke franga zake na kupewa buku ndogo. Kisha likaja agizo la mwaka 1956, lililosema kwamba mfanyakazi Mkongo naye atakuwa na pensheni, na makato yakaanza mwaka uliofuata. Tarehe hiyo inafaa ikumbukwe na kila familia yenye mzee wa miaka 85 au zaidi. Miaka aliyofanya kazi kabla yake haikuandikwa popote kwa ajili ya pensheni, hata kama mgongo wake unaikumbuka.

Uhuru ulipokuja, miaka mitatu tu ya makato ilikuwa imepita. Serikali mpya haikuutupa mpango huo. Kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961, masanduku matatu ya wakati wa ukoloni, la pensheni, la walemavu wa kazi na la posho za watoto, yaliunganishwa kuwa shirika moja, INSS. Ni ajabu kidogo kwamba nchi iliyokuwa ikipasuka wakati ule, Katanga upande wake, Kasai upande wake, ilipata nafasi ya kufikiria wazee. Sheria ilikuwa nzuri. Mkubwa wa kazi anakata sehemu ya mshahara, anaongeza ya kwake, anapeleka zote INSS pamoja na orodha ya majina. Mfanyakazi anapewa namba. Akifikia umri anakwenda retreti, kama watu wanavyosema, naye analipwa. Akifa, mjane na yatima wanabaki na haki yao.

Ubovu ulikuwa katika neno moja: orodha. Sheria yote ilisimama juu ya uaminifu wa karani wa kampuni. Katika mashamba ya Masisi wafanyakazi wengi waliitwa vibarua wa siku, hata wale waliopalilia pareto ile ile kwa miaka 12. Kibarua hakuandikwa. Na aliyeandikwa hakuwa na njia ya kujua kama pesa iliyokatwa kwake ilipita Sake na kufika Goma. Wapo wazee ambao karatasi zao za mshahara zinaonyesha makato mwezi hadi mwezi, wakati jina lao haliko kabisa kwenye daftari la shirika. Karatasi hizo ni ushahidi wa deni, na hazifai kutupwa. Anayedaiwa ni mkubwa wa kazi ambaye hakupeleka, naye mara nyingi alikwisha kuondoka nchini au kufa.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi wa Zaire. Kwa siku chache mashamba ya Masisi yalibadili wenyewe. Wengi waliopewa walikuwa watu wa siasa na marafiki zao. Walichukua ng'ombe, mashine za chai na nyumba za mawe, lakini madaftari ya wafanyakazi hayakuwa kitu cha kuhesabu. Mashamba mengine yalirudishwa kwa wenyewe wa zamani miaka iliyofuata, mengine yaligeuzwa malisho, na kwa malisho mtu mmoja na fimbo anatosha mahali palipokuwa na vibarua 50. Hapo ndipo njia ya makaratasi inapokatika kwa wazee wengi. Buku inasema kazi ilianza 1962, na baada ya 1974 hakuna mtu aliyeandika kitu.

Jambo jingine la miaka ile linaonekana dogo lakini ndilo linalowatesa watoto leo kuliko yote. Mwaka 1972 serikali iliamuru watu waache majina ya kizungu na ya ubatizo. Kiongozi mwenyewe, Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Huko Karuba mtu aliyeandikwa kazini kwa jina la Yosefu na jina la baba yake alilazimika kuandikwa upya kwa majina ya asili peke yake. Baada ya 1990, siasa ilipofunguliwa, watu walirudisha majina ya kanisani, kila mmoja kwa namna aliyopenda. Kwa hiyo mzee mmoja anaweza kuwa na buku ya kazi ya 1965 yenye jina la kwanza, karatasi ya mshahara ya 1978 yenye jina la pili, na kadi ya uchaguzi yenye jina la tatu lililoandikwa na kijana wa mashine aliyesikia vibaya. Herufi moja inatosha. Mufunyi na Mupfunyi ni kilima kile kile, na kila karani ana maandishi yake. Mtu akilazimika kuthibitisha jina, kalamu ya karani ina nguvu kuliko mdomo wa mama aliyemzaa.

Na umri hivyo hivyo. Wazazi wa wazee hawa hawakuandika tarehe. Walisema mtoto alizaliwa wakati wa njaa fulani, au volkano fulani, au mwaka ule barabara ilipofika. Makarani waliweka neno «karibu»: karibu 1943, karibu 1946. Mwaka unaofuata karani mwingine aliweka mwingine. Shirika likiona miaka miwili tofauti kwa mtu mmoja, faili linawekwa pembeni. Familia inadhani limekataliwa, kumbe linangoja karatasi moja ya mahakama au ya ofisi ya hali ya raia yenye kusema kwamba majina haya matatu na miaka hii miwili ni ya mtu mmoja. Kupata karatasi hiyo kunataka mashahidi waliomjua mzee kazini, na mashahidi hao nao wanakufa, au wamekimbilia Minova wakati mzee yuko Goma.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi nchi hii ilitumia kadi ya uchaguzi kama kitambulisho cha kila kitu, tangu zile za 2005. Na uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi, kama vile haukufanyika Rutshuru na Kwamouth, kwa sababu ya vita. Mwananchi aliyepoteza kadi yake njiani alipoteza pia mlango wa benki, wa simu na wa pensheni kwa siku moja.

Tukiacha pensheni tuje kwenye akiba, hesabu ni ya kuumiza zaidi, maana hapa mzee alifanya yote aliyoambiwa na bado akapoteza. Mwaka 1967 franga ya zamani ilifutwa, na franga 1,000 zikawa zaire 1. Siku hiyo zaire 1 ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mtu mwenye zaire 100 katika buku yake ya akiba alikuwa na dola 200, na wakati ule hiyo ilikuwa mali. Mwishoni mwa Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili, tena kwa kiasi kilichowekwa. Mtu wa mjini alipanga mstari mbele ya benki. Mtu wa vilimani alisikia habari siku zikiwa zimekwisha. Noti zilizokuwa ndani ya chungu chini ya kitanda ziligeuka vitu vya kuchezea watoto, na mpaka leo kuna wazee wasiopenda Noeli kwa sababu hiyo.

Oktoba 1993 zaire za zamani milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga ya Congo 1. Anayetaka ahesabu mwenyewe: zaire za zamani bilioni 300 zilihitajika ili kupata franga 1. Kwa hiyo mjukuu anayeshika buku ya akiba ya 1972 na kuona zaire 400 zimeandikwa vizuri kwa wino wa bluu, asifunge safari kwenda kuzidai. Sanduku lenyewe halikufa. Liliitwa Caisse d'Épargne wakati wa ukoloni, likaitwa CADEZA wakati wa Zaire, na leo ni CADECO. Jina lilivuka, pesa ya mzee haikuvuka. Hakuna mtu aliyemwibia kwa mkono. Ziliisha ndani ya buku yake huku namba zikibaki zile zile, na ndiyo maana ni vigumu kumweleza.

Wazee wenye akili za vilima hawakuweka kila kitu katika karatasi. Benki ya kweli ya Masisi ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe anazaa, anatoa maziwa, na Masisi inajulikana hadi Kinshasa kwa jibini lake la mviringo. Mwenye ng'ombe watano hakuhitaji kumwomba mtu pesa ya shule, na ng'ombe hakumwuliza mwenyewe alizaliwa mwaka gani. Wengine walipanda mikaratusi kwenye mteremko usiofaa kwa viazi, wakasema hii nitaikata nikizeeka, iwe mbao na makaa. Akiba hiyo haikuguswa na Noeli ya 1979 wala na zaire mpya.

Iliguswa na bunduki. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakapanda Masisi nzima. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda walijaa Kivu, na waliofika na silaha walikuwa na njaa kama wengine. Kisha vita vya 1996 na vya 1998. Mifugo ya Masisi ilichinjwa, ikaibwa, ikavushwa mpaka. Mikaratusi ilikatwa na waliopita. Familia zilirudi mara kadhaa na kuanza tena na mbuzi mmoja, na kila mara vita vilipokuja vilimkuta mbuzi amezaa.

Upande wa Walikale na wa Maniema kilio kilikuwa cha namna nyingine. Huko wanaume wengi walifanya kazi SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni ndogo za zamani za bati na dhahabu. Bei ya bati ilianguka dunia nzima mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikavunjwa. Wafanyakazi walibaki wakidai kinachoitwa décompte final, hesabu ya mwisho ya haki zao. Waliidai miaka mingi, na wengi waliiacha dai hilo kama urithi kwa watoto. Mwenye mzazi aliyefanya kazi SOMINKI anapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo wazee wenyewe huyachanganya. Décompte final inadaiwa kampuni au aliyerithi mali yake. Pensheni inadaiwa shirika la serikali, na kuvunjika kwa kampuni hakuifuti, mradi makato yalifika.

Shirika hilo nalo limebadili jina. Sheria mpya ya mwaka 2016 iliandika upya mambo ya pensheni, na mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Leo mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia ya mshahara, mkubwa wa kazi hutoa 13 kwa mia. Namba za zamani za INSS hazikufa. Asiyefikisha miezi inayotakiwa huweza kupewa malipo ya mara moja, na wengi hawaulizi kwa sababu waliambiwa kwamba hawana kitu.

Kuna mlango wa pili ambao familia huukosea. CNSS ni ya wale waliofanya kazi kwa kampuni, mashamba na wakubwa wa kazi binafsi. Mwalimu, muuguzi wa serikali au karani wa ofisi ya wilaya ni mtu wa serikali, na shirika lake ni jingine, CNSSAP, lililoundwa mwishoni mwa 2015. Kabla ya hapo serikali ililipa wastaafu wake kutoka hazina, au haikuwalipa. Ndiyo sababu katika shule za Masisi kuna walimu wenye mvi nyeupe wanaoshika chaki hadi leo: kuacha kazi bila malipo ya mwisho ni kuacha mshahara, ule mdogo ambao kwa muda uliletwa vijijini na Caritas kwa sababu benki haikufika huko. Mtoto wa mwalimu akipeleka faili CNSS atarudishwa, na safari ya pikipiki itakuwa imekula pesa ya wiki.

Wajane ndio wenye mzigo mzito. Mama mzee aliyeolewa kwa ng'ombe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, anajua kwamba ni mke wa mtu. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inataka ndoa hiyo ya kimila iandikwe kwenye ofisi, na wachache waliandika. Kifo chenyewe kinataka cheti. Mume aliyezikwa haraka kando ya barabara ya Sake hakuandikiwa cheti na mtu yeyote, kwa hiyo kwa makaratasi bado yu hai, na mke wa mtu aliye hai hawezi kuomba pensheni ya mjane. Kuna nyumba ambamo mzee aliye hai anadaiwa athibitishe kwamba hajafa, na nyumba ya pili ambamo mjane anadaiwa athibitishe kwamba mumewe amekufa.

Kwa miaka hii 20 akina mama wamejitengenezea njia yao. Likirimba inazunguka kila wiki, na MUSO ina sanduku lenye kufuli na vifuko vya rangi: kijani cha mkopo, chekundu cha msaada wa ugonjwa na msiba, bluu cha pesa zinazotoka nje. Faida yake ni kwamba kila mtu anaiona pesa ikihesabiwa mbele yake. Udhaifu wake ni kwamba sanduku linakaa kijijini. Kijiji kikikimbia, wenye funguo wanaishia kambi tofauti, na mama mzee aliyechangia miaka sita anabaki kukumbuka kwa kichwa sehemu yake. Daftari la mwandishi likiokoka, linaweza kutosha.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na M23, na benki zikafunga milango. Mwezi uliofuata watu wa kambi kama Bulengo na Lushagala waliagizwa kuondoka, wengi wakarudi kwenye vilima walivyovikimbia. Aprili CADECO ilifunguliwa Goma na wale wanaoushika mji, wakati Kinshasa haikuitambua hatua hiyo. Mstaafu aliyekuwa analipwa kwa akaunti ya benki alijikuta na pesa iliyoandikwa lakini isiyoshikika. Iliyobaki ni simu. Pesa za watoto walioko Kampala, Nairobi au Bukavu zinapita humo, kwa makato ya kila anayezitoa.

Simu nayo ina lake. Mzee asiye na kadi hawezi kuandikisha laini, kwa hiyo laini inakuwa ya mjukuu. Siku mjukuu anapoolewa Rutshuru au anapokwenda Rubaya kutafuta kazi ya kuchimba, pesa ya tate inakwenda naye. Familia zenye mpango zimeanza kuandika jambo hilo waziwazi mbele ya ndugu wote, nani anashika laini, nani anajua namba ya siri, na wengine wanapiga picha kila karatasi ya mfuko wa plastiki na kuituma kwa watu watatu wa ukoo walio miji mitatu tofauti. Wanamketisha mzee jioni na kumwuliza jina la kapita wake wa mwisho, jina la shamba kama lilivyoitwa wakati wa mzungu na kama lilivyoitwa baada ya 1973, na nani waliolala naye kambi moja ya wafanyakazi. Huanza kwa kusema amesahau. Kisha hutaja jina la kwanza, na la pili, na kijana mwenye kalamu hulazimika kumwomba apunguze mwendo.